Mchumaji Asiyemo Daftarini: Tuliyoyaona Msangano

Katika msimu wa vuli uliopita, mchumaji mmoja alianguka mkarafuu katika shamba la mwenzetu. Tawi alilolikanyaga lilikatika, naye akaja chini pamoja na pakacha lake. Alipelekwa hospitali kwa gari iliyoombwa njiani, na daktari akasema mfupa wa paja umevunjika. Mtu huyo ni baba wa watoto wanne, na riziki yake ya mwaka mzima hutegemea mikono na miguu yake.

Halmashauri ya Chama ilipokutana kuzungumza ni nani atakayemtazama, mwenye shamba alisema kuwa mikarafuu ile aliikodisha. Aliyekodi alisema kuwa wachumaji waliletwa na msimamizi wa kambi. Msimamizi naye akasema kuwa kazi yake ni kupima pishi na kulipa tu, na kwamba yeye hakumwajiri mtu. Kila mmoja alikuwa na haki katika maneno yake, na mgonjwa alikuwa bado yuko kitandani. Mwisho tulichanga, kila mtu kwa alichojaaliwa, na mchango ule ulikwisha kabla ya plasta kufunguliwa.

Hatuandiki haya ili kumtia mtu aibu. Twaandika kwa sababu siku ile ilidhihirika kuwa hapana hata mmoja katika sisi aliyekuwa na jina la mchumaji yule limeandikwa mahali popote. Pishi zake zilikuwa zimeandikwa, lakini yeye mwenyewe hakuandikwa.

Safari ya Msangano

Baada ya msimu kwisha, wawili katika sisi tulisafiri mpaka Tunduma kumzuru jamaa yetu anayefanya biashara huko. Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, ya nchi ya Zambia. Malori yapitayo mpakani hupanga foleni ndefu barabarani, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Jamaa yetu alikuwa na safari ya kwenda Msangano kununua mpunga, nasi tukafuatana naye.

Msangano ni kata katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ni mpya, kwani ulikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ukitoka Tunduma kuelekea upande wa kaskazini, barabara huteremka mpaka bondeni, na baridi ya mlimani hubaki nyuma. Watu wa bonde hilo hulima mpunga, mahindi na ufuta, na hufuga ng'ombe. Hapana mkarafuu huko, wala bahari. Lakini tulipokaa siku mbili na kutazama kazi zinavyokwenda, tuliona kuwa mambo ya kibarua wa Msangano na mambo ya mchumaji wa kisiwani kwetu ni mamoja.

Tulikuwa na swali moja kifuani. Wenzetu wa Bara wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uitwao kwa kifupi WCF. Tumesikia ukisifiwa. Tulitaka kujua: je, Mfuko huo wafanya kazi gani kwa mtu aliyeko mbali na ofisi, shambani na mashineni?

Mfuko wenyewe ulivyo

Kwanza yafaa tueleze Mfuko huo ni kitu gani, kwani wengi wetu huuchanganya na bima ya afya au na akiba ya uzeeni.

Zamani, Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya fidia iliyoachwa na Waingereza. Kwa sheria ile, mfanyakazi aliyeumia alilipwa na mwajiri wake mwenyewe, na kiwango kilikuwa kimewekwa siku nyingi mno zilizopita. Mtu aliyepata ulemavu wa maisha hakuweza kupata zaidi ya Sh. 108,000. Fedha hizo zilipokuwa zikiwekwa katika sheria huenda zilikuwa na thamani. Miaka ilipopita zikawa hazitoshi hata kumrudisha mgonjwa kwao. Kadhalika, mwajiri akifilisika au akikimbia, mgonjwa hakuwa na wa kumdai.

Bunge lilitunga sheria mpya mwaka 2008. Mfuko ulianza kupokea michango mwezi wa Julai 2015, na ukaanza kulipa mafao mwezi wa Julai 2016. Tangu hapo, kila mwajiri wa Bara, awe Serikali au mtu binafsi, hulazimika kujiandikisha na kuchangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Mchango wote ni wa mwajiri.

Hapo mwanzo mwajiri binafsi alitoa asilimia 1 ya mishahara anayolipa, na Serikali ilitoa asilimia 0.5. Mwaka 2021 mchango wa binafsi ulipunguzwa ukawa asilimia 0.6, na mwaka 2022 ukateremshwa tena ukawa asilimia 0.5. Kwa hivyo mwajiri anayelipa mishahara ya Sh. 600,000 kwa mwezi, mchango wake ni Sh. 3,000.

Mtu akiumia kazini au akipata maradhi yatokanayo na kazi, Mfuko hugharimia matibabu. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari hupima ulemavu huo ni wa asilimia ngapi. Ukiwa mdogo hupewa fedha kwa mara moja. Ukizidi asilimia 30 hupewa pensheni ya kila mwezi. Akihitaji mtu wa kumhudumia daima, huyo naye hufikiriwa. Yako pia mafao ya kumrudisha mtu katika hali ya kufanya kazi. Akifa, Mfuko husaidia mazishi, na mjane na watoto hupata pensheni.

Jambo jengine kubwa ni hili: mgonjwa halazimiki kwanza kuthibitisha kuwa mwajiri ndiye mwenye kosa. Mambo ya nani alizembea na nani hakuzembea, ambayo zamani yalikwenda mahakamani yakachukua miaka, hayamzuii kutibiwa. Linaloulizwa ni kama aliumia katika kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Hizi ni faida za kweli, na mwenye kuzibeza hajauguza.

Watu watatu wa kijiji kimoja

Sasa turudi Msangano, tueleze tuliyoyaona.

Mtu wa kwanza tuliyezungumza naye ni mwalimu. Yeye ni mtumishi wa Serikali, na kwa hivyo yumo. Akianguka ngazi za darasani au akipata ajali katika safari aliyotumwa, Mfuko utamtazama. Alikuwa anajua kuwa Mfuko upo. Lakini tulipomwuliza, "Ukiumia leo, utaanzia wapi?" alicheka, akasema angemwuliza mwalimu mkuu. Tulimwambia kuwa kwa sheria, mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri apeleke taarifa kwa Mfuko katika siku 7. Na kwamba dai likikaa zaidi ya miezi 12 bila ya kupelekwa, haki yaweza kupotea. Aliandika maneno hayo nyuma ya kitabu chake cha maandalio.

Mtu wa pili ni mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ana vijana watatu, na kila mmoja humlipa kiasi cha Sh. 200,000 kwa mwezi, kazi ikiwa nzuri. Hakuwa amejiandikisha. Alidhani kuwa Mfuko ni wa makampuni, na kwamba mchango wake ungemla faida yote. Tulipiga hesabu pamoja naye juu ya gunia tupu: vijana watatu, Sh. 600,000, mchango Sh. 3,000 kwa mwezi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa fedha hizo hazifiki bei ya mkanda mmoja wa mashine, na mikanda yeye hununua bila ya kunung'unika. Tukamwonyesha upande wa pili wa hesabu. Mmoja katika vijana wale mkono wake ukinaswa na mkanda huo, asilimia 70 ya mshahara wake ni Sh. 140,000 kila mwezi, mbali na gharama za hospitali. Mzigo huo, bila ya Mfuko, ungekuwa juu ya nani?

Mtu wa tatu ndiye aliyetufanya tuandike makala haya. Ni kijana wa miaka kama ishirini na mbili, mpakiaji wa magunia. Alitupa shikamoo, tukaitikia, na alipokaa tuliona kuwa hutembea kwa kisigino. Msimu wa nyuma alikuwa akipandisha gunia la mpunga katika lori, akiupita ubao uliolowa mvua. Aliteleza, gunia likamwangukia mguuni, na vidole viwili vikalazimika kukatwa.

Tulimwuliza nani alikuwa mwajiri wake. Alisema mpunga ulikuwa wa mfanya biashara wa mjini. Lori lilikuwa la mtu mwengine. Dalali ndiye aliyefanya mapatano. Wapakiaji walikusanywa na kiongozi wao, naye hulipwa kwa gunia kisha hugawa. Mfanya biashara alimpelekea Sh. 50,000 za pole, na dereva alimpa lifti mpaka hospitali. Hapana aliyemdhulumu kwa makusudi. Lakini hapana aliyekuwa mwajiri wake.

Tulipomaliza kumweleza khabari za Mfuko, kijana yule alituuliza hivi: "Wazee, huo Mfuko ni wa wenye ofisi, au na sisi tumo?"

Ndugu Wanachama, swali hilo ni zito kuliko lionekanavyo. Jawabu tuliyompa ni kuwa sheria haikuandikwa kwa wenye ofisi peke yao. Aliyeajiriwa ameajiriwa, akivaa tai au akivaa kaptura. Lakini kabla ya kulipwa, itabidi ijulikane nani alimwajiri, alimlipa kiasi gani na aliumia siku gani. Na fidia yenyewe hupimwa kwa mshahara. Asiye na jina katika daftari la mtu, na asiye na mshahara ulioandikwa, huwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo ni yake lakini hana ufunguo.

Wako na wengine ambao kwa sheria hiyo hawamo kabisa, nao ndio wengi wa bonde lile: mkulima anayelima shamba lake mwenyewe kwa jembe lake mwenyewe. Huyo hana mwajiri, na kwa hivyo hana wa kumchangia. Akikatwa na panga au akikanyagwa na ng'ombe wa plau, fidia yake ni jirani zake.

Je, Mfuko wafanya kazi vizuri?

Baadhi ya wanachama watatuuliza tutoe hukumu. Twaona ni haki kusema mambo mawili.

Jambo la kwanza, kwa yule aliyemo, Mfuko ni bora kuliko sheria ya zamani kwa umbali mkubwa. Pensheni ya maisha haiwezi kulinganishwa na Sh. 108,000. Pia hatari imegawanywa. Mwenye mashine ya Msangano hasimami peke yake. Mchango wake umechanganywa na michango ya mabenki, mashule na viwanda vya nchi nzima. Mwalimu ambaye aghlabu haumii humsaidia mpakiaji ambaye huumia. Huo ndio ushirika, nasi wa Chama twaujua.

Jambo la pili, Mfuko ambao mchango wake waweza kupunguzwa mara mbili katika miaka miwili ni Mfuko wenye nguvu ya fedha. Lakini nguvu hiyo peke yake haituambii kama kila aliyeumia amefika mlangoni. Kama wanaoumia ni wachache, tushukuru. Kama wanaodai ni wachache kwa sababu wengi hawakuandikwa wala hawajui pa kuanzia, basi sehemu ya akiba hiyo ni haki ya watu kama kijana yule wa vidole viwili. Mizani ya mfuko wa fidia isiwe hazina yake tu. Iwe ni mtu wa mwisho katika mstari: je, naye amefikiwa?

Haya si mambo ya Tanzania peke yake. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga sheria ya fidia mwaka 1897. Sheria zile za mwanzo ziliwafikiria khasa watu wa viwanda, reli na migodi. Mtu wa shamba aliachwa nyuma. Ilibidi Shirika la Kazi la Ulimwengu lipitishe mkataba maalumu mwaka 1921, kutaka wafanyakazi wa mashambani wanaolipwa ujira wapewe fidia sawa na wenzao. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2007, nao walishika njia nyengine: mwajiri hutakiwa akate bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Njia ni mbali mbali, lakini zote husimama juu ya msingi mmoja: pawe na mwajiri anayejulikana na mfanyakazi anayejulikana. Msingi huo ukikosekana, jengo zuri vipi litaegemea wapi?

Na sisi wa visiwani?

Mfuko wa WCF ni wa Bara. Huku kwetu haufiki. Zanzibar ina Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi, ya mwaka 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005, na kwa sheria hiyo mzigo huwa juu ya mwajiri mwenyewe. Yaani sisi tulio na mashamba tusidhani kuwa maneno haya ni ya watu wa mbali. Yule unayempandisha mkarafuuni kwa ujira, akianguka, swali la nani mwajiri wake laweza kuja mlangoni kwako.

Upande wa pili, ZSTC, ambalo ndilo shirika la Serikali linunualo karafuu zetu, limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuu. Jambo hilo ni la kushukuriwa, na kila mwanachama aulize ofisi ya ZSTC iliyo karibu naye, kabla ya msimu kuanza, ni masharti gani yanayotakiwa. Lakini hata hapo, ni dhahiri kuwa mtu ataulizwa alianguka lini, wapi, na katika shamba la nani. Tunarudi pale pale penye daftari.

Wazee wetu walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Sisi wakulima wa karafuu tumeushika usemi huo katika mali. Pishi huandikwa, gunia huandikwa, deni la chai kambini huandikwa. Lakini mtu apandaye juu ya mti mrefu, ambao matawi yake kila mmoja wetu ajua jinsi yalivyo mepesi kukatika, tumemwacha bila ya kumwandika. Mwenye mkono huo si mali, ni zaidi ya mali.

Tunayoyashauri

Halmashauri haina uwezo wa kutunga sheria, lakini hapana anayetuzuia kufanya mambo yafuatayo kabla ya vuli ijayo.

Kwanza, kila mwanachama awe na daftari la wachumaji. Mistari minne yatosha: jina kamili na kitambulisho, anakotoka na mtu wa kumjulisha akipatwa na jambo, siku aliyoanza na siku aliyomaliza, na ujira aliolipwa kila siku. Daftari la kawaida la dukani lafaa. Lisiandikwe kwa penseli.

Pili, mwenye shamba akikodisha mikarafuu yake, mapatano ya kukodi yataje wazi ni nani mwajiri wa wachumaji: mwenye shamba, aliyekodi, au msimamizi wa kambi. Mstari mmoja tu wa maandishi, wenye sahihi mbili mbele ya sheha, ungalituokoa na mabishano ya mwaka jana.

Tatu, tukumbuke kuwa fidia iliyo bora ni ile isiyodaiwa. Asipandishwe mtu mvua ikinyesha au mti ukiwa bado umelowa. Kamba zitazamwe kabla ya msimu, na iliyochakaa itupwe, isifungwe fundo. Tawi la mbali livutwe kwa ngoe, lisifuatwe kwa mguu. Mtoto asipande; kazi yake ni kitabu, na akiwa likizo, basi kuchambua karafuu jamvini pamoja na mama zake.

Nne, mtu akianguka, asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia, wala asikalishwe. Huenda uti wa mgongo umeumia, na kumnyanyua vibaya kwaweza kumfanya asitembee tena. Alazwe alivyo, kichwa na shingo vishikwe visicheze, na abebwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, na watu wanne au zaidi, mpaka penye gari. Kisha siku hiyo hiyo iandikwe: saa, mahali, mti, na majina ya mashahidi wawili. Sheha na ofisi inayohusika wajulishwe bila ya kungoja mgonjwa apate nafuu. Anayengoja apone ndipo adai, hukuta muda umekwenda na mashahidi wametawanyika.

Tano, tunaleta mbele ya mkutano mkuu shauri la kuanzisha kikapu cha dharura cha Chama. Wenzetu wa Bara hutoa asilimia 0.5 ya ujira. Kwa kipimo hicho, mwanachama aliyelipa wachumaji wake Sh. 1,000,000 katika msimu angelitoa Sh. 5,000. Lakini hapa hapana budi tuseme kweli, tusijidanganye. Asilimia hiyo huwatosha wao kwa kuwa wamechanganya makarani na makuli wa nchi nzima. Sisi sote ni watu wa mkarafuu, na hatari yetu ni moja. Kikapu chetu hakiwezi kulipa pensheni. Chaweza kulipa gari la kwenda hospitali, dawa za mwanzo, na unga wa nyumba kwa wiki chache. Hilo nalo si dogo kwa mtu aliyelala chini ya mti.

Sita, kwa kuwa kikapu hakitoshi, Chama kiombe kwa maandishi kwamba wakati wowote sheria za fidia za Zanzibar zitakapotazamwa upya, mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi atajwe kwa jina lake. Na tutakapokwenda kuomba, tuende na madaftari yetu mkononi. Wakituuliza wachumaji ni wangapi, wangapi waliumia, na waliumia vipi, tuwe na la kujibu. Mwenye hesabu husikilizwa kabla ya mwenye malalamiko.

Neno la mwisho

Tulipoagana na watu wa Msangano, mwenye mashine alikuwa ameshamtuma kijana wake mmoja kwenda kuulizia jinsi ya kujiandikisha. Mpakiaji alitusindikiza mpaka garini, akitembea kwa kisigino. Kesi yake hatukuweza kuitengeneza. Tulimwandikia katika karatasi yale anayoyakumbuka: siku aliyoumia, jina la dalali, jina la kiongozi wa wapakiaji, na hospitali aliyotibiwa, tukamwambia aende nayo kwa afisa wa kazi akaulize, kwani kuuliza hakulipiwi. Hatukumwahidi kitu, kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kuahidi.

Mchumaji wetu wa vuli sasa hutembea kwa fimbo. Juzi alimwuliza mmoja katika sisi kama msimu ujao atapata kazi ya kuchambua, kwa kuwa kupanda hawezi tena. Tulimwambia kuwa atapata inshallah, na jina lake ndilo la kwanza tuliloliandika katika daftari jipya.

Madaftari yaliyopigwa mistari yapatikana kwa Katibu wa Chama. Mwanachama atakayefika mkutano mkuu aje na la kwake, hata likiwa halijaandikwa jina hata moja. Tutaanza kuandika hapo hapo.